Nimemsamehe shemeji ila sitaki kumwona. Niende Meza ya Bwana?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, mchungaji. Niko Rungwe. Mwaka wa tatu sasa tangu shemeji yangu ang'oe migomba mitatu ya mpakani na kupanda miparachichi yake upande wangu. Nimemsamehe, nampenda katika Kristo, ila sitaki kumwona. Nikimkuta njiani napita kwingine. Jumapili ijayo kuna Meza ya Bwana. Niende?

JIBU: Asifiwe, mama. Pole kwa migomba. Tuanze na hilo neno "nampenda katika Kristo". Huku kwetu nyanda za juu nalisikia sana, na mara nyingi mtu anamaanisha "simpendi, ila sitaki kuonekana mbaya". Mimi mwenyewe nimelitumia hivyo, tena juu ya mzee wa kanisa niliyekaa naye baraza moja.

Katika Kutoka 23:4-5, Mwisraeli anayekutana na punda wa adui yake amepotea anaagizwa amrudishe, na akimkuta ameanguka chini ya mzigo, amsaidie. Musa haulizi kama moyo umetulia. Anataka punda ainuke. Basi nami nikuulize: mbuzi wa shemeji akiingia kwenye maharage yako, unamrudisha kwake, au unamfunga mpaka jioni ili mwenyewe ahangaike kumtafuta? Jibu la hapo litakuonyesha upendo wako ulipofika.

Kuhusu Meza, soma Mathayo 5:23-24 polepole. Yesu anasema ukikumbuka kuwa "ndugu yako ana neno juu yako", uiache sadaka mbele ya madhabahu, uende mkapatane kwanza. Hasemi "kama wewe una neno juu yake". Na maneno hayo aliwaambia watu wa Galilaya, ambao madhabahu yao ilikuwa Yerusalemu, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu, mbali kuliko Tukuyu hadi Mbeya mjini. Mtu amefika, mnyama wake yuko mkononi, anaambiwa ageuke arudi nyumbani! Kwa shemeji yako ni kuvuka mfereji tu.

Utaniambia, "Lakini mkosaji ni yeye." Najua. Wala kupatana hakufuti mpaka. Walawi 19:18, penye "umpende jirani yako kama nafsi yako", inatanguliwa na mstari unaokataza kumchukia ndugu moyoni na kuagiza umwonye. Kwa hiyo mwambie wazi kwamba miparachichi iko kwako. Mkishindwa kuelewana, kwenda baraza la kata kusuluhishwa si dhambi. Kumkwepa njiani miaka mitatu ndiko kunakonisumbua mimi.

Kama wewe ni Mmoravian, yaani wa Kanisa la Moravian, hili ni la nyumbani kwenu. Wakimbizi waliokusanyika Herrnhut, Ujerumani, walikuwa wamegombana vibaya mpaka jumuiya ikakaribia kuvunjika. Mei 1727 walitia sahihi makubaliano ya kuishi kindugu, na tarehe 13 Agosti mwaka huo wakashiriki Meza pamoja wakiwa wamepatana. Kutoka kwa watu hao ndiko ulikoanzia utume uliofika Rungwe mwaka 1891. Angalia mpangilio: kwanza walikaa wakazungumza, Meza ikafuata.

Sasa fanya hivi. Usisubiri Jumapili, nenda Alhamisi au Ijumaa. Usianze na shamba, anza na salamu ya kwetu, "mugonile". Akikukaribisha, keti, ule atakachokupa, ndipo useme la migomba. Akikufukuza, Warumi 12:18 inasema "kama yamkini, kwa upande wenu, mkae katika amani na watu wote". Upande wako utakuwa umeutimiza, na Jumapili uje mezani bila hofu. Baadaye mwombe mchungaji wako na mzee mmoja wa kanisa wakusindikize mara ya pili, kama Mathayo 18:16 inavyoelekeza. Na huyo mbuzi, akija, mrudishe.