Vinundu havihesabiwi kwa macho: kwa vijana mnaoanza field

Vijana wangu, picha mliyotuma kutoka shamba darasa la soya nimeiona. Mche umeng'olewa kwa kushikwa shina, nusu ya mizizi imebaki ardhini, na chini mmeandika "hakuna vinundu, chanjo imegoma". Chanjo, yaani bakteria wa rizobia tunaowapaka kwenye mbegu, haijagoma. Vinundu, vile vijivimbe vya mizizini wanamoishi bakteria hao na kuulisha mmea naitrojeni ya hewa, mmeviacha kwenye udongo! Kila msimu ni yaleyale, basi leo nayaandika.

1. Mche huchimbwa, hauvutwi. Chukueni sepeto, inueni na bonge lake, mloweke kwenye ndoo mpaka udongo uachie. Nendeni wakati wa maua. Mkingoja maganda yakauke mtakuta vinundu vimeoza.

2. Kinundu kipasuliwe. Wembe mmoja unatosha. Ndani pakiwa pekundu, bakteria wako kazini: rangi ile ni leghemoglobini, ndugu wa himoglobini ya damu yenu, inayodhibiti oksijeni isiharibu naitrojinesi, kimeng'enya kinachoigeuza naitrojeni ya hewa kuwa amonia. Kijani ni uzee. Vyeupe ama bado vichanga, ama wamo wapangaji wasiolipa kodi.

Na hakikisheni kwanza kwamba ni vinundu. Nilipoanza kazi, mama mmoja mtu mzima alinionyesha kunde zake, mizizi imejaa mauvimbe. Nikaita kikundi kizima. Nikahubiri: hewa hii asilimia 78 ni naitrojeni, na mama huyu ana kiwanda chake chini ya ardhi! Yeye akachukua mzizi, akakwangua kwa kucha, akaniuliza, "Mwanangu, mbona hivi havibanduki?" Nikamjibu kwa kujiamini kabisa kwamba hiyo ndiyo dalili vimeshika vizuri. Kisha nikamshauri msimu unaofuata apande nyanya palepale, ale naitrojeni ya bure.

Walioshaelewa wameshashika vichwa. Kinundu cha rizobia hukaa ubavuni mwa mzizi, ukikigusa kwa kucha kinatoka. Uvimbe wa minyoo fundo, wale minyoo wadogo wa udongoni wanaoshambulia mizizi, ni mzizi wenyewe uliovimba, haubanduki bila kuukata. Jibu alikuwa nalo mama mkononi, mimi nikampa darasa. Na nyanya ndiyo minyoo fundo wanaipenda kuliko kitu. Miche ikawa inanyauka kila mchana hata ikimwagiliwa. Tulipoichimba nilitamani ardhi inimeze. Mama hakufoka. Aliifunga ile mizizi kwenye kanga kuukuu, akanikabidhi mbele ya kikundi kilekile, akaniuliza gharama ya miche naileta lini. Niliileta. Shikamoo yangu aliendelea kuiitikia, ila nikianza kueleza jambo lolote la mizizi alikuwa anakohoa kidogo, na kikundi kizima kinacheka.

3. Chanjo ni viumbe hai, jamani. Jana nimekuta pakiti juani juu ya tangi la pikipiki. Wekeni penye ubaridi, changanyeni na mbegu kivulini, pandeni siku hiyohiyo na kufukia. Tena soya inataka Bradyrhizobium. Ya maharage ni nyingine, msigawe mabaki kwa jirani ili asinung'unike.

4. Kiraba cha kulinganishia, kisicho na chanjo, kipandwe kwanza, kabla mikono haijapakaa chanjo.

5. Hakuna fosforasi, hakuna vinundu vya maana: mbolea ya fosforasi, Minjingu au TSP, iingie wakati wa kupanda. Yurea, mbolea ya naitrojeni, mkiimwaga kwa huruma, mmea unapata chakula mezani na unaacha kuwalisha bakteria.

6. Mnaokwenda kwenye majaruba ya mpunga, kule msitafute vinundu. Kule kazi ya naitrojeni hufanywa na azola, kimmea kidogo kinachoelea majini, na bakteria wake, wale wa kijanibuluu, wanaishi kwenye vijishimo ndani ya majani. Mmoja wenu amemwambia mkulima kwamba ikishatanda juu ya maji mpunga unakula naitrojeni yake. Haujala! Naitrojeni nyingi imefungwa mwilini mwa azola mpaka ife na kuoza, kwa hiyo ivurugwe kwenye tope. Na huyohuyo kaniletea habari njema kwamba azola imegeuka nyekundu, "kama kinundu, bosi". Azola ikiwa nyekundu inalalamika: jua kali, baridi, au fosforasi imepungua. Rudi kwa mkulima ukamuulize jaruba lile aliliwekea nini.