China na Urusi: maswali yenu kuhusu tawala za mkono wa chuma

China na Urusi zote zilipitia ukomunisti. Mbona China imejaa viwanda, na Urusi bado inategemea mafuta na gesi?

Anza na wakulima. Mwishoni mwa 1978, katika kijiji cha Xiaogang, mkoani Anhui, wakuu wa kaya 18 walikutana kwa siri wakaweka dole gumba kwenye karatasi moja. Kila kaya ingelima kipande chake, ingetoa mgawo wa serikali, na kinachobaki kingekuwa chake. Wakaahidiana pia kwamba viongozi wao wakifungwa au kuuawa, wenzao watawalea watoto wao mpaka wafikishe miaka 18. Msimu uliofuata mavuno yakapanda sana, na utawala wa Deng Xiaoping, kiongozi wa China wakati huo, ukauacha mtindo huo uenee nchi nzima. Mwaka 1980 Shenzhen, kusini mwa China, ikafanywa eneo maalumu la kiuchumi, na mitaji ya nje ikaanza kumiminika.

Urusi ilipita njia nyingine. Muungano wa Kisovieti ulisambaratika Desemba 1991 na mali ya umma ikauzwa harakaharaka. Kuanzia 1995, matajiri wachache walioikopesha serikali kwa dhamana ya hisa zake walijikuta wanamiliki makampuni ya mafuta na nikeli kwa bei ya kutupa. Agosti 1998 rubo, sarafu ya Urusi, ikaporomoka na akiba za watu wa kawaida zikayeyuka. Putin alishika madaraka siku ya mwisho ya 1999, na bei ya mafuta ikapanda hadi kupita dola 147 kwa pipa Julai 2008. Mishahara ilianza kulipwa kwa wakati, na Warusi wengi wakampa yeye sifa zote.

Kwa hiyo udikteta ndio unaoleta maendeleo? Huku kijiweni wengi wanasema tunahitaji mtu mkali.

Hapana. Chama kilichoitawala China mwaka 1978 ndicho kilichoitawala kati ya 1958 na 1962, kiongozi wake Mao Zedong alipowalazimisha wakulima kuingia kwenye makomuni, yaani mashamba ya pamoja, na makumi ya mamilioni ya watu wakafa njaa. Ukali ulikuwepo, chakula hakikuwepo. Nafuu ilikuja pale amri zilipolegezwa. Naomba wanaoisifu China kijiweni waitazame historia hii yote, wasikate kipande kinachowafurahisha.

Haya yanatuhusu nini sisi?

Yanatuhusu sana. Shule ya Uongozi ya Mwalimu Julius Nyerere pale Kibaha, iliyofunguliwa Februari 2022, ilijengwa kwa msaada wa Chama cha Kikomunisti cha China ili kuwafunda makada wa vyama sita vya ukombozi kusini mwa Afrika, CCM kikiwemo. Tuna haki ya kuuliza wanafundishwa nini.

Kati ya Xi na Putin, nani mwenye nguvu zaidi?

Xi Jinping, rais wa China, anategemea chama chenye wanachama zaidi ya milioni 90, na jeshi ni mali ya chama hicho. Putin anategemea vyombo vya usalama na watu wake wa karibu. Oktoba 2003 makachero walimkamata Mikhail Khodorkovsky, tajiri namba moja wa Urusi, ndani ya ndege yake huko Siberia; baadaye sehemu kubwa ya kampuni yake ya mafuta, Yukos, ikaishia mikononi mwa Rosneft, kampuni ya mafuta ya serikali. Lakini Juni 2023 Yevgeny Prigozhin, mkuu wa kundi la mamluki la Wagner, aliweza kuuelekeza msafara wa wapiganaji wake Moscow. Kwa hiyo naona kiti cha Xi kimeshikwa na mizizi mirefu zaidi.

Ninachokihofia ni mwisho wao. Katiba ya China ya 1982 iliweka ukomo wa vipindi viwili vya urais, kwa sababu nchi ilikuwa imeonja kutawaliwa na Mao mpaka kifo. Machi 2018 wajumbe 2,958 wa bunge walipiga kura kuuondoa ukomo huo, wawili tu wakakataa. Urusi nayo ilibadili katiba mwaka 2020, na Putin anaweza kubaki hadi 2036. Putin alizaliwa 1952, Xi 1953, na hakuna kati yao aliyemtaja hadharani atakayemrithi.