Je, kaunti inaweza kulipa walimu wa nasari yetu ya kujitolea?

Swali: Assalamu alaykum. Sisi ni kina mama wanne wa Mtongwe, Likoni. Tunasomesha watoto 38 wa miaka 4 na 5 katika ukumbi wa madrasa, na wazazi huchanga wanachojaliwa. Jumamosi tunakaa na wazazi wenyewe, tunazungumza malezi na lishe. Mwakilishi wetu wa wadi hutuambia tusubiri, pesa zaja. Ni mwaka wa pili sasa. Tuanzie wapi?

Jibu: Waalaykum salaam, walimu wangu. Msisubiri tena. Pesa ya kaunti haitoki mpaka iandikwe katika bajeti iliyopitishwa na bunge la kaunti, na ahadi ya mdomo haiandikwi popote.

Kwanza mjue mlango. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeweka elimu ya awali mikononi mwa kaunti. Kwa hiyo msijichoshe kwenda ofisi ya NG-CDF, ule mfuko wa maendeleo wa eneo bunge: sheria yake ya 2015 inairuhusu kugharamia kazi za serikali kuu tu.

Pili, tenganisheni mahitaji yenu. Darasa na vyoo huhesabiwa kuwa maendeleo, mshahara ni matumizi ya kawaida. Sheria inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende kwa maendeleo, na kanuni za fedha za kaunti za 2015 zinazuia mishahara kupita asilimia 35 ya mapato. Ndiyo maana mwanasiasa hukuahidi jengo upesi, ukimtajia mwalimu ananyamaza. Jambo hili huniuma, maana mtoto wa miaka minne hasomeshwi na ukuta.

Mwalimu wa kaunti huajiriwa na Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti, kwa kutangaza nafasi na kushindania, na lazima awe amesajiliwa na TSC, yaani tume ya kuajiri walimu. Kama kati yenu kuna asiye na cheti cha elimu ya awali, aanze masomo muhula huu. Katika yote ninayowaandikia, hili ndilo la haraka zaidi.

Kulipwa na kaunti huku nasari ikibaki yenu ni vigumu. Mishahara ya umma ni ya shule za umma. Mnaweza kukubali nasari iwe ya kaunti, lakini kaeni na kamati ya madrasa kabla ya kutia sahihi chochote. Ukumbi ukiwa ni wakfu, ardhi haibadilishwi mwenyewe. Kinachojadiliwa ni matumizi tu, na yaandikwe. Nasari ndani ya madrasa si jambo geni hapa petu: Aga Khan Foundation ilianzisha mpango huo Mombasa miaka ya 1980, ukafika Zanzibar na Uganda, na walimu wake walikuwa kina mama wa mitaani kama nyinyi.

Kikao chenu cha Jumamosi hakimo katika fungu la elimu. Kitafutieni nafasi upande wa afya. Wahamasishaji wa afya ya jamii, wanaozunguka nyumba kwa nyumba, hulipwa shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu na kaunti na nusu na serikali kuu. Mwalikeni wa mtaa wenu, awapime watoto uzani hapo hapo. Familia inayolea yatima na haina kitu, ipelekeni kwa chifu iulizie usajili wa Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwapa fedha wasiojiweza.

Sasa tarehe. Mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata hufikishwa bungeni kufikia Septemba 1, taarifa ya sera ya fedha Februari 28, makadirio ya bajeti Aprili 30. Watu wengi hujitokeza Mei kwenye vikao vya wananchi, wakati hesabu zimeshafungwa. Ombi lenu liwe kwa idara ya elimu ya kaunti mwezi Agosti, nakala kwa mwakilishi wa wadi, na mbakize nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Wakikaa kimya, kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi katika bunge la kaunti.

Hoja yenu itasimama juu ya daftari la mahudhurio. Lianzeni Jumatatu hii: jina la kila mtoto, mtaa anaotoka, na tarehe ya kuzaliwa iliyonakiliwa kwenye kadi yake ya kliniki.