Kichwa cha mfupa kimekufa, kidole hakikatwi
Dadangu wa Langoni, umeuliza kama binti yako wa miaka 15 atakatwa kidole cha mguu kwa sababu daktari kasema kichwa cha mfupa "kimekufa". Hakatwi. Kwa maelezo yako huo ni ugonjwa wa Freiberg, ulioelezwa tangu 1914: damu haifiki vizuri kwenye kichwa cha mfupa ulio nyuma ya kidole, mara nyingi cha pili, kikabonyea. Wasichana huupata zaidi.

Kisu si cha kwanza. Kwanza mguu hupumzishwa, kwa kiatu cha soli ngumu au plasta wiki kadhaa. Na zile ndara laini azivue, vichochoro vyetu vya mawe havina huruma!

Ikishindikana, daktari husafisha kiungo, au hukata kabari ndogo ya mfupa upande wa juu, akainua kichwa ili gegedu (tabaka laini linalofunika ncha ya mfupa) ya chini iliyo nzima ikae mahali pa iliyoharibika, akafunga kwa skrubu au waya. Ni kama kugeuza mkeka ukalalia upande usiochakaa. Kidole huweza kubaki kigumu kidogo kukunja. Mwulize daktari kama picha ya MRI inaonyesha gegedu ya chini bado nzima, maana upasuaji huo wategemea hapo.