Gesi ya mtungi siyo ile ya Mtwara
Je, gesi ya mtungi ni ile ile ya bomba inayotoka Mtwara? Hapana, ni gesi mbili tofauti. Ya mtungi inaletwa kwa meli kutoka nje, ndiyo maana bei yake inafuata soko la dunia. Ya bomba ni methani, yaani gesi asilia yetu wenyewe, kutoka Songo Songo (Lindi) na Mnazi Bay (Mtwara), na TPDC, shirika la taifa la mafuta na gesi, wameshaiingiza kwenye baadhi ya nyumba Dar, Lindi na Mtwara. Mimi ni fundi majiko: ukiunganishiwa ya bomba, jiko lako la mtungi hulitupi, ila kile kipande kidogo cha shaba chenye tundu la kutolea gesi lazima kibadilishwe, kiwekwe chenye tundu pana zaidi, la sivyo moto unakuwa hafifu. Tafadhali usimruhusu mtu atanue tundu la zamani kwa msumari, ni hatari kabisa.