Honda ya marehemu babu imelala miaka tisa: usiipige kiki kwanza

Ndugu wa Chwele, umesema pikipiki ya Honda ya marehemu babu yako imekaa ghalani miaka tisa, na vijana wa stejini wamekushauri utie petroli mpya muisukume mteremkoni hadi ishike. Nakuomba sana usikubali. Sisi tulifanya jambo kama hilo na likatuumiza.

Mzee wetu alikuwa mwalimu huku Luanda, Vihiga. Alikuwa na Honda CG125 ya zamani, zile za umeme wa volti 6, yenye keria ya chuma aliyoichomelesha sokoni ili apeleke mitungi ya maziwa alfajiri kabla ya kwenda shuleni. Alipofariki ikasukumwa kwenye kibanda nyuma ya jiko, ikafunikwa gunia, ikakaa miaka 11. Mimi naishi Mamboleo, Kisumu. Kila nikija nyumbani naitazama, kisha narudi zangu. Mama ndiye aliyekata shauri: ama iwake, ama iuzwe, kwa sababu kuiona ikioza kulimtonesha kidonda.

Nikaleta fundi. Akamwaga petroli mpya juu ya ile ya zamani, akabadilisha plagi, akasimama juu ya kiki kwa uzito wake wote. Mara ya nne kitu kikalia ndani, "ka!", na kiki ikawa nyepesi. Tukashangilia, tukidhani imefunguka. Kumbe valvu ya ekzosti, ule mlango wa kutolea moshi, ilikuwa imeshikwa na kutu. Injini ya CG kemshafti yake, ule mhimili unaofungua valvu, iko chini, na valvu husukumwa na vijiti viwili virefu vinavyopanda kandoni mwa silinda. Valvu ikigoma kusogea, nguvu yote ya mguu huishia kwenye kijiti. Chetu kilipinda kama upinde. Miaka 11 ya vumbi na unyevu haikukipinda. Kilipindwa na dakika tano za haraka.

Fundi wa pili nilimpata Kondele, mzee aliyeanza na pikipiki kabla hizi za boda boda hazijajaa mjini. Swali lake la kwanza lilikuwa: "Mmeizungusha kwa mkono?" Nakupa utaratibu wake.

Toa plagi. Kwa bomba la sindano, tia ndani ya tundu kama vijiko viwili vya oili nyepesi iliyochanganywa na dizeli kidogo, uziba tundu kwa kitambaa safi, uiache siku tatu. Usiiguse hata ukisongwa na hamu. Siku ya tatu ingiza gia ya juu kabisa, ukiwa bado umetoa plagi, na usukume gurudumu la nyuma mbele na nyuma taratibu. Gia ya juu inakuwezesha kusogeza pistoni kwa nguvu ndogo, na mkono wako utahisi mahali inapogoma. Ikigoma, ongeza oili usubiri tena. Fungua pia kifuniko cha juu cha kichwa cha injini utazame valvu zote mbili zikishuka na kupanda. Isiyorudi juu, idondoshee oili shinani uigonge kidogo kwa mpini wa nyundo. Hapo ndipo tulipopaswa kuanzia.

Oili ya zamani imwage yote. CG haina chujio la karatasi. Ina wavu mdogo wa chuma, pamoja na kikombe kinachozunguka nyuma ya kifuniko cha kulia, ambamo uchafu hutupwa kandoni na kugandamana. Kikombe cha mzee kilikuwa na tope jeusi zito kama ugali wa wimbi. Asiyekifungua anatia oili mpya juu ya uchafu wa zamani. Na usinunue oili yoyote ya gari ilimradi ni bei nafuu: kwenye pikipiki kama hii klachi inaoga oili ileile ya injini, kwa hiyo tafuta kopo lililoandikwa JASO MA, alama ya oili inayofaa klachi za namna hiyo, la sivyo klachi itateleza.

Petroli iliyolala muda mrefu hugeuka gundi inayonuka kama vanishi, na gundi hiyo huziba zaidi jeti ndogo ya kabureta, kile kitundu kinachopitisha petroli ya mwendo wa chini. Ndiyo maana nyingi huwaka ukivuta choki na kuzimika ukiirudisha. Usiichokore kwa waya wa chuma, maana tundu likipanuka hutalipata tena sawasawa. Sisi tulitumia uzi mmoja wa shaba kutoka kwenye waya laini wa umeme, kisha pumzi ya kompresa ya mtu wa pancha. Kabla ya hapo fungua chujio la hewa. Letu lilikuwa limegeuzwa kiota cha panya, na nyigu walikuwa wamejenga kwa udongo ndani ya mdomo wa silensa.

Tangi lilitusumbua kuliko vyote. Tuliondoa koki ya petroli, tukatia kokoto safi na siki nyeupe, tukalitikisa kwa zamu mimi na mdogo wangu, tukaliacha likae siku mbili. Kutu ikatoka kama chai ya rangi. Baadaye tukalisuuza kwa maji yenye soda ya kuokea, tukalikausha juani, na siku hiyohiyo tukalizungushia oili ndani, kwa sababu chuma kilichosafishwa hakikawii kushika kutu tena. Kama lako limetoboka, usikubali lichomelewe kabla ya kusafishwa kabisa na mtu anayejua kazi hiyo. Mvuke wa petroli hubaki hata tangi likiwa tupu, na hulipuka.

Kwa moto wa plagi, hizi za zamani zina pointi, vile vibapa viwili vinavyokata na kuunga umeme, nyuma ya magneto, dainamo ndogo ya injini. Zetu zilikuwa na ukungu wa kijani tu. Tulizipiga msasa laini, tukazifuta, tukaacha mwanya kati ya milimita 0.3 na 0.4, na cheche ikaja ya buluu bila betri, kwani CG yetu huchota moto wake moja kwa moja kwenye magneto. Tairi na tyubu nunua mpya hata kama bado zina meno. Mpira wa zamani hupasuka. Na ukifungua breki usipulize lile vumbi, kwa sababu viatu vya breki vya zamani huweza kuwa na asbesto. Lifute kwa kitambaa kibichi.

Kuhusu spea usikate tamaa. Pikipiki nyingi za Kichina zinazobeba abiria zimenakili injini ya CG, iliyotoka mwaka 1976. Kijiti chetu tulikipata Kisumu kwenye duka la spea za Kichina. Lakini nenda na cha zamani mkononi uvilaze pamoja, maana vinatofautiana urefu.

Wakati injini imelala na oili, shughulikia karatasi, kwa sababu logibuku, hati ya umiliki, ikiwa ya marehemu huwezi kuihamisha kwa maneno ya ukoo. Sisi tulianza na barua ya chifu, tukaenda mahakamani kuomba usimamizi wa mirathi. Tangazo hutoka katika gazeti rasmi la serikali na kukaa siku 30, na baada ya kupewa usimamizi kwa kawaida husubiriwa miezi sita kabla ya kuthibitishwa. Hati ya uthibitisho ndiyo unayoipeleka NTSA, mamlaka inayosajili magari na pikipiki. Waiteni shangazi na wajomba mapema. Anayekasirika kwa kutoshirikishwa anaweza kupinga mahakamani. Na bila bima isikanyage barabara.

Yetu iliwaka kwa kiki ya saba, Jumamosi jioni. Ikatoa moshi mweupe mwingi kwa dakika chache, ile oili ya kwenye silinda ikiungua, kisha ikatulia. Mama alitoka jikoni akasimama mlangoni na mwiko mkononi hadi tulipoizima. Ombi lake lilikuwa moja tu, keria isiguswe. Rangi nimepaka upya, keria ina kutu yake na mikwaruzo ya mitungi ileile.

Kesho toa plagi tu, usiende mbali zaidi. Niandikie rangi ya ncha yake, kama ni kavu au ina kutu, na kama gurudumu linasogeza pistoni. Taja pia herufi na namba zilizopigwa ubavuni mwa injini, maana kama si CG, habari ya vijiti na kile kikombe itabadilika.