Sherehe ya urithi pale Boma la Kale: kila mtu mpe jembe

Mwaka wa kwanza tulimsubiri mgeni rasmi saa mbili na nusu. Viti vya plastiki tulivipanga ubavuni mwa Boma la Kale, pale Dar es Salaam kona ya Barabara ya Morogoro na Barabara ya Sokoine, turubai halikutosha watu, na jua la Januari mnalijua. Mstari wa mbele alikaa bibi mmoja wa Kizaramo aliyetoka Chanika alfajiri kwa daladala. Mapajani alikuwa na kitu kimefungwa kwenye kanga. Kwenye ratiba zamu yake ilikuwa ya mwisho, dakika tano, baada ya hotuba zote. Mkubwa akafika, hotuba zikasomwa, muziki ukafunguliwa. Nilipogeuka kumtafuta bibi, kiti kilikuwa kitupu. Ameondoka na kanga yake hajaifungua.

Ratiba ile niliiandika mimi. Tangu siku hiyo nimeshiriki kuandaa sherehe hii mara tatu nyingine, na haya nakuandikia wewe unayefikiria kufanya ya kwenu, iwe hapa mjini, iwe Bagamoyo, iwe Kilwa Kisiwani kwenye Gereza, ile ngome ya kale.

Lijue jengo kabla hujagawa kadi. Boma la Kale lilijengwa mwaka 1866 na 1867, zama za Sultani Majid bin Said wa Unguja, alipoamua kuanzisha mji kando ya kijiji cha Mzizima. Ukiangalia unene wa kuta na jina lenyewe, unadhani ilikuwa ngome ya askari. Sivyo. Lilijengwa kupokea wageni wa Sultani, na kasri lake lilikuwa hapo jirani. Majid akafariki mwaka 1870, mji ukadorora. Wajerumani walipokuja walilifanya ofisi, na mwaka 1891 wakahamishia makao makuu yao Dar es Salaam kutoka Bagamoyo. Kasri leo halipo. Iliyobaki ni nyumba ya wageni, na kila nikipita mlango wake wa nakshi jambo hilo hunigusa upya, maana wengi wetu tunaojiita watu wa Dar wazee wetu walifika hapa wageni: Wamanyema, Wangazija, Washihiri wa Hadhramaut, Wahindi wa Kachi, Wagoa waliokuja kushika kalamu maofisini. Kariakoo yenyewe imepata jina kwa Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia.

Na mgeni tunajua anavyotendewa: siku mbili ni mgeni, ya tatu mpe jembe. Mwaka wa pili tukaanza na hapo. Mgeni rasmi hatukumwalika. Kila aliyesema anakuja tulimuuliza atafanya nini. Huyu atakuna nazi, yule atapanga viti, mwingine atawapokea wazee kituoni Kivukoni na kuwashika mkono kuvuka barabara. Kwenye kikao wapo waliosema bila mkubwa hatutachangiwa. Tulichangiwa. Mchele ulitoka dukani kwa mtu aliyekuwa na kazi ya kuupika mwenyewe, na mtu akishapewa sufuria lake haji kukaa tu.

Jambo ambalo ningekuomba usilifanye kabisa ni kupanga meza kwa makabila na mataifa. Sisi tulifanya hivyo mwaka wa kwanza: meza ya Waarabu, meza ya Wahindi, meza ya Wazaramo, kila moja na kitambaa chake. Watu walizunguka kama wako Sabasaba, wakaonja, wakapiga picha, wakaondoka. Meza na meza hazikusemeshana. Sasa tunapanga kwa mambo ya nyumbani: meza ya mchele, meza ya nguo, meza ya harusi, meza ya safari.

Pale kwenye meza ya mchele ndipo nilipoona tofauti. Mama mmoja wa Kariakoo alileta mkate wa kumimina, umeiva vizuri juu, hiliki unaisikia kwa mbali. Pembeni yake mama wa Kigoa kutoka Upanga alileta sannas, vimkate vyeupe vya mvuke. Wakaanza kuulizana. Wewe mchele unaulowekaje? Usiku kucha. Unausaga na nini? Na nazi. Unaumuliaje? Hamira. Mama wa Kigoa akasema bibi yake kule Goa hakutumia hamira, alitumia tembo la mnazi. Yule wa Kariakoo akaweka kisu chini. "Hata bibi yangu," akasema, "vitumbua vyake alivichachisha kwa tembo, mpaka babu alipomkataza." Hapo wakavuta viti wakakaa. Nilipita mara tatu na sinia la chai nikawakuta palepale, mmoja anaonyesha kwa kiganja uzito wa uji wa mchele unavyotakiwa kudondoka.

Kuta nazo zitunze. Ni za matumbawe na chokaa. Mwaka ule wa kwanza vijana wetu walipigilia misumari watundike kanga, na mlinzi, mzee mpole, akaniita nione. Alipitisha kidole kwenye tundu, chokaa ikamwagika kama unga wa muhogo, ikaendelea kumwagika hata alipoondoa kidole. Hakusema neno. Kwa hiyo misumari hapana, gundi hapana, na kama mmebomoa kitu msizibe kwa saruji, kwani saruji inazuia ukuta kupumua na chumvi inaula kwa ndani. Tundikeni kwenye kamba iliyofungwa kwenye mabomba ya turubai. Majiko ya mkaa yawe mbali, upande ambao upepo unapeleka moshi barabarani.

Masika kwepeni. Anzeni baada ya swala ya alasiri, jua limepungua, na spika iwe ndogo. Boti za Unguja ziko ng'ambo ya barabara na honi zake zinatosha. Mdundiko msiupandishe jukwaani. Ule ni ngoma ya kutembea. Uanzie mbali kidogo, uje na watu wake mpaka mlangoni, na kwa barabara hizi zenye magari mwombe kibali polisi mapema.

Kwa bibi wa Chanika nilikwenda mara mbili kumwomba radhi. Mara ya kwanza aliitikia shikamoo yangu akaendelea kupepeta mchele. Ya pili akanikaribisha mkekani, akaifungua kanga. Ilikuwa mwana hiti, kinyago cha mti cha kuenea mkononi, hakina mikono wala miguu, kichwani vishungi viwili, kimeng'aa kwa mafuta ya miaka. Alipewa alipokuwa mwali ndani, akakilea na kukipaka mafuta kama mtoto. Nikamwomba aje nacho atuimbie.

"Nyimbo zake siimbi mbele ya wanaume," akasema. "Nitakwambieni nani alinipa, na yeye alipewa na nani. Basi."

Ndiyo maana nasema ulizeni kwanza kipi cha kuonyeshwa na kipi cha kuachwa ndani, na jibu likitoka msilipinge. Mambo ya unyagoni yana wenyewe. Kamera tuliizima alipotaka izimwe.

Tulimweka wa kwanza kwenye ratiba, bila dakika za kuhesabiwa. Alitaja wanawake wanne, mmoja baada ya mwingine, hadi aliyekipokea kwanza. Wakati wote huo kinyago alimshikisha binti mdogo wa yule mama wa Kigoa, na mtoto alikipakata hakutikisika. Alipomaliza akakichukua, akakifunga, akaniita kando. Mwakani, akasema, tumtafutie kiti chenye mahali pa kuegemea, hivi vya plastiki vinamuumiza mgongo. Tumemnunulia cha mvule. Kipo kwangu, kinasubiri Januari.